Nimonia, makohozi na maabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi maabara ya vimelea, na kwa sehemu kubwa niko upande wa utafiti wa magonjwa ya njia ya hewa. Maswali haya sijayatunga. Yametoka kwenye dirisha la kupokelea sampuli, wodi ya watoto, mikutano ya kijiji kabla utafiti haujaanza, na kwa ndugu zangu wanaonipigia simu usiku mtoto akikohoa. Ukiwa na haraka, soma swali la 4, la 5 na la 11, mengine yatakusubiri.

## Mambo ya mwanzo

1. Nimonia na kichomi ni kitu kimoja?

Nimonia ni maambukizi ya mapafu yenyewe. Vile vifuko vidogo vinavyopitisha oksijeni kwenda kwenye damu vinajaa majimaji na usaha, kwa hiyo mgonjwa anavuta hewa lakini hewa haina pa kufikia. Kichomi ni jina la maumivu: ule mchomo wa ubavuni unapovuta pumzi. Kwa kuwa viwili hivyo huja pamoja mara nyingi, jina moja limebeba yote. Ila mtoto mchanga au mzee anaweza kuwa na nimonia kali bila mchomo wowote, na mchomo unaweza kuwa wa msuli tu.

2. Mtoto akipigwa na baridi anapata nimonia?

Baridi haina kimelea. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mtoto anaanza na mafua, ambayo ni ya virusi; virusi vinajeruhi ngozi laini ya ndani ya njia ya hewa, na bakteria aliyekuwa amekaa kimya puani anapata mwanya wa kushuka. Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, utapiamlo, na watu wengi kulala chumba kimoja vinachangia zaidi kuliko kusahau kumvalisha sweta. Mvalisheni sweta hata hivyo, bibi hatanisamehe.

3. Basi nani hasa husababisha nimonia?

Wengi. Kuna virusi, bakteria, na kwa watu wenye kinga dhaifu, fangasi. Utafiti mkubwa uliojaribu kujibu swali hili kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni ule uitwao PERCH, uliofanyika katika nchi 7 za Afrika na Asia. Kilifi, pwani ya Kenya, ilikuwa mojawapo ya vituo. Walichukua watoto zaidi ya 4,200 waliolazwa kwa nimonia kali, na wenzao zaidi ya 5,000 wa jamii zilezile wasio na nimonia. Matokeo yalitoka mwaka 2019: kwa watoto wasio na VVU ambao picha ya kifua ilionyesha nimonia, virusi vilikadiriwa kuwa chanzo kwa asilimia 61 hivi, bakteria asilimia 27, na kifua kikuu karibu asilimia 6. Virusi vya RSV, ambavyo hushambulia njia ya hewa, peke yake vilibeba karibu theluthi moja.

Wazazi wakisikia hivyo husema, "Kumbe dawa za bakteria hazina kazi." Hapana. Bakteria ni wachache kwa hesabu hiyo, lakini wanaua haraka, na daktari aliye mbele ya mtoto anayehema hana njia ya kujua papo hapo yuko upande gani. Ndiyo maana anaanza dawa kabla majibu yetu hayajatoka.

4. Nikiwa nyumbani nitajuaje kwamba kikohozi hiki si cha kawaida?

Hesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, hanyonyi wala halii. Mfunue kifua, shika simu yenye saa, uhesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana watoto hupumua kwa kupanda na kushuka. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za haraka. Mpeleke kituo cha afya.

Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, au anashindwa kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea, midomo imebadilika rangi, au amepata degedege, usingoje asubuhi.

## Sampuli

5. Mbona mmerudisha kikopo changu? Nilijaza vizuri.

Ulijaza mate. Hili ndilo swali linaloleta ugomvi zaidi dirishani kwetu, basi nilieleze kwa kirefu.

Makohozi hutoka kifuani. Ni mazito, huvutika, mara nyingi yana rangi ya njano au kijani, pengine mchirizi wa damu. Mate hutoka mdomoni, ni mepesi na yana povu. Mdomo una bakteria wa kila aina wanaoishi humo kwa amani. Nikiotesha mate, yaani nikiwalisha bakteria waliomo hadi wazaliane, nitapata msitu, na kila mti ndani ya msitu huo naweza kuuandikia jina, lakini hakuna hata mmoja utakaoniambia mapafu yako yana nini.

Hatuangalii kwa macho tu. Tunapaka tone kwenye kioo, tunaweka chini ya hadubini kwa ukuzaji mdogo, na kuhesabu aina mbili za seli. Seli bapa zinatoka kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Seli za usaha zinatoka palipo na vita. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: seli bapa zisifike 10, na seli za usaha zizidi 25, katika eneo moja la kuangalia. Kikopo kikishindwa hapo tunaomba kingine. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi nimetembea saa mbili na hiki kikopo." Nilimwelewa, na bado nikakirudisha, kwa sababu jibu la uongo lingemfanya atembee mara nyingi zaidi.

6. Nifanyeje ili nitoe makohozi ya kweli?

Asubuhi ukiamka, kabla hujala. Sukutua kwa maji matupu, bila dawa ya meno. Vuta pumzi ndefu, ishikilie kidogo, itoe. Rudia mara mbili au tatu, kisha kohoa kwa nguvu kutoka chini kabisa, si kutoka kooni. Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Kaa nje au karibu na dirisha lililo wazi unapofanya hivyo, usiwakoholee wengine. Funga mfuniko, lete ndani ya saa mbili. Na kama inawezekana, toa kabla ya kumeza kidonge cha kwanza (sababu iko swali la 12).

7. Mtoto hajui kutema. Mnapima nini?

Hapo ndipo utafiti wetu unapokuwa mgumu. Mtoto humeza makohozi yake. Tunaweza kuchukua damu na kuiotesha, lakini kwa watoto wengi wenye nimonia kimelea hakiingii kwenye damu kabisa, na idadi ya wanaoota ni ndogo sana. Tunaweza kupitisha kijiti chembamba chenye pamba puani hadi nyuma kabisa, mahali ambapo pua inakutana na koo. Inachukua sekunde chache na machozi mengi. Kwa kifua kikuu, daktari anaweza kunyonya majimaji ya tumboni alfajiri mtoto akiwa hajala, kwa sababu makohozi yaliyomezwa usiku yako humo, au kumvutisha mvuke wa maji ya chumvi ili akohoe. Kutoboa pafu kwa sindano kunatoa jibu safi kuliko yote; watafiti wa Gambia wamelifanya kwa miaka mingi, ila wazazi wachache watakubali, na siwalaumu.

8. Mbona mnachukua damu nyingi? Watu wanasema mnauza.

Naulizwa hili wazi kwenye mikutano, na wasiouliza wanaliwaza. Habari za mumiani sisi sote tulikua nazo. Jibu langu ni kuonyesha chupa. Kwa mtoto mdogo tunachukua mililita 1 hadi 3 za kuotesha. Kijiko cha chai ni mililita 5. Chupa ina supu ya virutubisho ndani, na damu ikishachanganyika nayo haiwezi kumfaa binadamu mwingine yeyote. Mkutano mmoja mzee alisimama akaomba tummiminie maji kiasi hicho kwenye kijiko. Tulimiminia. Akasema, "Kumbe ni hiki tu," akakaa.

## Ndani ya maabara

9. Sampuli ikishapokelewa mnaifanyia nini?

Kwanza rangi. Mwaka 1884, huko Berlin, daktari Mdenmark aitwaye Hans Christian Gram alikuwa akihangaika kuwaona bakteria ndani ya vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Alipaka rangi ya zambarau, akafuatisha ayodini, akaosha kwa spiriti. Baadhi ya bakteria walibaki na zambarau, wengine wakapauka. Leo kila maabara duniani hutumia rangi yake, tukiongeza nyekundu mwishoni ili wale waliopauka nao waonekane. Nikiona vijidudu viwiliviwili vya zambarau, vimechongoka kama ncha za mkuki na kuzungukwa na usaha, moyo unanienda mbio: huyo anafanana na Streptococcus pneumoniae, ambaye humu namwita nimokoki.

Kisha tunaotesha. Sahani ya kwanza ina agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, iliyochanganywa na damu ya kondoo. Si damu ya binadamu: ya binadamu inaweza kuwa na kingamwili au mabaki ya dawa, na ni hatari kwa anayeitengeneza. Sahani ya pili ni agari ya chokoleti, ambayo haina chokoleti (mwanafunzi wa mazoezi huuliza kila mwaka). Ni damu iliyopashwa moto hadi seli zikapasuka na rangi kuwa ya kahawia. Hiyo ni ya Haemophilus influenzae, bakteria asiyeweza kula mpaka chakula kifunguliwe. Jina lake lilitokana na kosa: mwaka 1892 Richard Pfeiffer alidhani ndiye analeta homa ya mafua. Virusi halisi vya binadamu vikapatikana 1933, lakini jina likawa limeshaganda.

Bakteria hawa wanapenda hewa ya ukaa. Pasipo na inkubeta ya gesi tunatumia mshumaa. Unapanga sahani ndani ya mtungi wa kioo, unaweka mshumaa mfupi mweupe usio na manukato, unauwasha, unafunga mfuniko. Mshumaa unafifia, unazimika wenyewe, na hewa iliyobaki inawafaa. Mtungi unaingia kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37 mpaka kesho.

Asubuhi nimokoki anajitambulisha. Damu inayomzunguka imegeuka kijanikijani. Makoloni yake, yaani makundi yake juu ya sahani, ni madogo, na yakikaa zaidi katikati panadidimia kama kete ya drafti, kwa sababu bakteria huyu ana tabia ya kujimeng'enya mwenyewe akizeeka. Tunamwekea kidonge cha karatasi chenye optokini, kemikali inayomzuia nimokoki kuota. Akiacha duara tupu la milimita 14 au zaidi, ni yeye.

10. Mbona majibu yangu yanachukua siku tatu, na ya kifua kikuu wiki kadhaa?

Kwa sababu tunasubiri viumbe wazaliane. Siku ya kwanza kuotesha, ya pili kumtambua na kumwekea dawa, ya tatu kusoma dawa. Bakteria wa kawaida wa tumboni hujigawa kila dakika 20 hivi. Yule wa kifua kikuu huchukua karibu saa 20. Kumwotesha ni wiki hadi mwezi na zaidi.

Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa 2010, haisubiri. Inatafuta vinasaba, na ndani ya saa mbili inasema kama yupo na kama ana usugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu. Watu pia huniuliza kama ni kweli panya wananusa kifua kikuu. Ni kweli: panya buku wa shirika la APOPO, Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine. Panya mmoja hupitia sampuli 100 ndani ya dakika 20 hivi. Wanapewa makohozi yaliyokwisha kupimwa kliniki, na wanapoashiria sampuli iliyoonekana safi, maabara inaipima tena kabla mtu hajaitwa. Panya hatoi cheti.

## Kusoma majibu

11. Mmemkuta nimokoki puani kwa mwanangu. Ndiye anayemuumiza?

Huenda. Huenda pia amekaa hapo wiki tatu bila kumgusa mtu.

Kama kuna jambo moja ningependa wasomaji, na madaktari vijana pia, walishike kutoka ukurasa huu, ni hili. Kabla ya chanjo, zaidi ya nusu ya watoto wadogo waliopimwa Kilifi walikuwa na nimokoki puani, wengi wao wazima kabisa, wanakimbia. Kumkuta mtu sokoni siku ya wizi hakumfanyi mwizi. Inabidi uulize: alikuwa ameshika nini, na je, hukuwa ukimkuta hapo kila siku?

Ndiyo sababu utafiti wa swali la 3 ulihitaji watoto wasio na nimonia. Bila wao tungehesabu kila kimelea kilichoonekana puani kwa wagonjwa na kukiita muuaji. Kimelea kinachopatikana sawasawa kwa wagonjwa na wazima hakituambii kitu. RSV ilionekana kwa wagonjwa mara nyingi zaidi sana kuliko kwa wazima, na ndiyo maana tunaishuku kwa ujasiri. Nimokoki akiota kutoka kwenye damu hakuna mjadala, kwa sababu damu si mahali pake.

12. Majibu yanasema "hakuna kimelea kilichoota". Basi siumwi?

Hapana, yanasema hatukuotesha kitu. Sababu ya kawaida ni dawa: vidonge viwili vya amoksisilini vilivyomezwa jana vinatosha kumzuia bakteria kuota kwenye sahani huku bado anakusumbua kifuani. Mwambie muuguzi ukweli kuhusu ulichomeza. Hakuna atakayekukaripia, au asikukaripie. Sababu nyingine ni virusi, ambavyo haviwezi kuota kwenye agari, na safari ya sampuli hadi kwetu. Niliwahi kupokea chupa za damu za Ijumaa zilizokaa kwenye friji hadi Jumatatu na mtu mwenye nia njema. Chupa za damu hazikai kwenye baridi. Nimokoki hufa humo, na karatasi ikasema "hakuna".

13. Herufi S, I na R kwenye karatasi ya majibu ni nini?

S: dawa inatarajiwa kufanya kazi kwa dozi ya kawaida. I: inaweza kufanya kazi ikitolewa kwa wingi zaidi. R: usugu, chagua nyingine. Tunazipata kwa kupima kwa rula, milimita kwa milimita, duara tupu linalozunguka kila kidonge cha karatasi chenye dawa.

Hapa pana mtego. Nimokoki mmoja, kwa penisilini ileile, anaweza kusomwa S kwa nimonia na R kwa homa ya uti wa mgongo. Si makosa ya uchapaji: sindano inafikisha dawa nyingi kwenye mapafu, ila kidogo sana kwenye majimaji ya ubongo. Kwa hiyo tafadhali daktari, andika kwenye fomu ugonjwa unaoushuku. "Homa" pekee hainisaidii.

## Dawa na chanjo

14. Nikikohoa ninunue amoksisilini dukani?

Mafua na vikohozi vingi ni vya virusi, na amoksisilini haina habari navyo. Unachofanya ni kuwaua bakteria dhaifu wa puani na tumboni na kuwaachia uwanja wale sugu. Kununua vidonge sita vya "kupunguza makali" ni vibaya zaidi. Alexander Fleming alilionya hilo mwaka 1945 alipopokea Nobeli: dozi ndogo humfundisha bakteria kuistahimili dawa. Ukipewa na mtaalamu baada ya kupimwa, tumia kama ulivyoelekezwa, na usimgawie jirani.

15. Chanjo ya nimokoki imebadilisha nini hasa?

Kenya iliianza Januari 2011, Tanzania ikafuata takriban miaka miwili baadaye. Ndizo sindano za wiki ya 6, 10 na 14. Watafiti wa Kilifi walikuwa wameshahesabu wagonjwa miaka mingi kabla ya chanjo, kwa hiyo waliweza kulinganisha. Mwaka 2019 walitangaza kwamba magonjwa makali ya aina za nimokoki zilizomo kwenye chanjo yameshuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hata wachanga wasiofikisha umri wa sindano walinufaika, kwa sababu kaka na dada zao waliacha kubeba aina hizo puani.

Lakini nimokoki ana aina zaidi ya 100, na chanjo iliyotumika ilikuwa na 10. Nafasi iliyoachwa puani hujazwa na nyingine. Hizo hazijaleta ugonjwa kwa kiwango cha zile za zamani, ila ndiyo sababu bado tunawachokoa watoto pua.

## Maswali ya pembeni

16. Kuna kipimo cha mkojo cha nimonia. Mbona hamkitumii kwa watoto?

Kinatafuta mabaki ya nimokoki kwenye mkojo, na kwa mtu mzima kinasaidia. Kwa mtoto kinasema "ndiyo" hata kama nimokoki yuko puani tu. Rudi swali la 11.

17. Mgonjwa ana VVU, kila kitu kimetoka hasi, na bado anahema.

Daktari atafikiria Pneumocystis, fangasi asiyeota kwenye sahani zetu zozote. Huonekana kwa rangi maalumu au vinasaba. Tiba ni kotrimoksazoli kwa dozi kubwa, ileile septrini ambayo kwa dozi ndogo humkinga. Na kifua kikuu kinabaki kwenye orodha hata makohozi yakiwa hasi.

18. Nimepona wiki tatu sasa, kipimo cha vinasaba bado chanya. Naambukiza?

Mashine inaona vinasaba, haioni kama mwenye navyo yuko hai. Mabaki ya virusi vilivyokufa yanaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Kwa kifua kikuu ni zaidi, na ndiyo maana maendeleo ya matibabu hufuatiliwa kwa hadubini au kuotesha, si kwa GeneXpert.

19. Sampuli ya utafiti mnaiweka wapi, na naweza kuitaka irudi?

Kijiti cha puani kinatumbukizwa kwenye kichupa chenye maziwa yaliyotolewa mafuta, sukari na gliserini, kisha kinaingia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Humo nimokoki anaishi miaka mingi. Kichupa hakina jina lako, kina namba. Orodha inayounganisha namba na jina inafungiwa kwingine.

Kujitoa unaweza, siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu ya mtoto hayabadiliki. Leta karatasi ya ridhaa yenye namba, au jina tu kama panya wameila. Tutakitafuta kichupa na kukiharibu, na ukitaka kushuhudia, njoo kabla ya saa sita mchana, kabla mashine ya kuchemshia taka haijawashwa.